Herufi Iliyokatika Mkia

Katika miaka ya mwisho ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kiwanda cha Spreewerk kilichokuwa Grottau, mji ambao leo uko Jamhuri ya Cheki kwa jina la Hrádek nad Nisou, kilikuwa kikitoa bastola aina ya P38 kwa haraka, kwa jasho la watu walioshurutishwa kufanya kazi. Kila bastola iligongwa herufi tatu ubavuni: cyq. Hilo lilikuwa jina la siri la kiwanda. Kisha chapa yenyewe, kile kipande cha chuma kigumu kinachoacha alama, ikamegeka, na mkia wa herufi y ukakatika. Kazi haikusimama kwa sababu hiyo. Bastola zikaendelea kutoka zikiwa na herufi zinazosomeka cvq.

Mgeni wa mambo haya akiishika bastola ya cvq leo, shaka humjia mara moja, kwa kuwa vitabu vinasema cyq. Mzoefu huona kinyume chake: hitilafu ile ina wakati wake. Chapa huchakaa, hupata ufa, hupoteza pembe, na kila hatua ya uchakavu huo hubaki imeandikwa kwenye bastola zilizogongwa siku zile. Mghushi huchonga chapa mpya iliyonyooka, kwa sababu ananakili kile kilichokusudiwa. Kiwandani kulitokea kitu kingine. Tofauti hiyo kati ya kilichokusudiwa na kilichotokea ndiyo ninayotaka kuifuata hapa, maana naamini swali zima la uhalisi wa bastola za Kijerumani za wakati wa vita limesimama juu yake.

Tuanze na uadimu, kwa sababu hapo ndipo watu hudanganyika mapema. Bastola ya Luger, ambayo jeshi la nchi kavu la Ujerumani liliipokea mwaka 1908 na kuiita P08, ilitengenezwa kwa idadi inayopita milioni 2. P38 ya Walther, iliyokuja kuirithi, ilipita milioni 1 kabla vita havijaisha. Askari wa Marekani na wa Uingereza walirudi nazo nyumbani kwa wingi mno. Kwa hiyo hakuna Luger iliyo adimu kwa kuwa Luger. Kinachoitwa adimu ni tofauti ndogo: mwaka fulani, kiwanda fulani, alama fulani. Mauser ya Oberndorf ilitoa P08 nyingi sana katika miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940. Heinrich Krieghoff wa Suhl alipata oda ya bastola 10,000 kwa ajili ya jeshi la anga. Ukizifungua zote mbili juu ya meza, umbo na ufanyaji kazi wake ni mmoja. Bei ya Krieghoff ni mara kadhaa ya ile ya Mauser.

Maana yake ni kwamba fedha yote imekaa kwenye milimita chache za chuma kilichogongwa alama. Mtu anayetaka kudanganya hana haja ya kuunda bastola, kazi ngumu isiyolipa. Anachukua bastola ya kweli, ya bei ya chini, anaiongezea neno moja la uongo. Ndiyo sababu swali la kawaida la mnunuzi, kwamba hii ni ya kweli au ni feki, mara nyingi limekaa vibaya. Karibu kila anachoshika ni cha kweli. Swali la kuuliza ni hili: sehemu ipi ya kitu hiki ilikuwepo kilipotoka kiwandani, na ipi imekuja baadaye, kwa mkono wa nani?

Kule juu kabisa sokoni mambo yana sura nyingine. Kwa majaribio ya jeshi la Marekani ya mwaka 1907, kampuni ya DWM ya Berlin ilitengeneza Luger chache sana za kipenyo cha .45, kisha ikajitoa kwenye shindano, na mwaka 1911 Colt ikachukua nafasi hiyo. Moja ya bastola hizo iliuzwa mwaka 1989 kwa bei iliyotangazwa kuwa dola milioni 1, na kwenye mnada wa mwaka 2010 ikapata chini ya nusu ya hapo. Kuna pia Walther PP iliyopakwa dhahabu, ambayo Hitler alipewa alipotimiza miaka 50 mwaka 1939. Iliuzwa kwa dola 114,000 mwaka 1987. Vitu vya namna hiyo vinajulikana kimoja kimoja, vina historia ya kila mkono uliovishika, na kuvighushi ni kujitafutia balaa. Udanganyifu unakaa katikati, kwenye bastola za dola elfu chache zinazoweza kugeuzwa kuwa za dola makumi elfu.

Ili kuelewa ushahidi ulivyo, lazima kwanza kuelewa kwa nini Wajerumani walificha. Mkataba wa Versailles ulibana utengenezaji wa silaha Ujerumani, na Mauser ilipoanza kutoa P08 kwa wingi chini ya Wanazi, haikuandika jina lake. Iligonga S/42. Mwaka wa 1934 uliandikwa K, wa 1935 ukaandikwa G, na kuanzia 1936 tarehe zikaanza kuonekana wazi. Baadaye zikaja herufi: byf kwa Mauser, ac kwa Walther, cyq kwa Spreewerk. Mwanzoni mwa 1945 Mauser ikabadilishwa tena ikawa svw. Namba nazo zilikuwa na ujanja wake. Hazikwenda moja kwa moja mpaka mamilioni. Zilihesabiwa mpaka zinakaribia au kufika 10,000, kisha hesabu ikaanza upya ikiwa na herufi a, halafu b, na kuendelea. Kwenye P08 za jeshi mwaka mpya nao ulianzisha hesabu mpya.

Hofu ya kuhesabiwa ilikuwa na msingi. Wataalamu wa takwimu wa nchi washirika walitumia namba zilizokutwa kwenye vifaru vilivyotekwa kukadiria uzalishaji wa Ujerumani. Kwa mwezi Juni 1941 walikadiria vifaru 244, wakati taarifa za kijasusi zilisema 1,550. Kumbukumbu za Kijerumani zilizofunguliwa baada ya vita zilionyesha 271. Namba ndogo iliyogongwa kwenye chuma ilisema kweli kuliko majasusi, na ingali inasema, mradi mtu ajue kuisoma. Anayesema “nina Luger namba 4512” bado hajasema kitu. Kiwanda, mwaka na herufi ya mwisho vikikosekana, bastola za namba hiyo zaweza kuwa kadhaa, zote halali.

Nyaraka za viwanda nyingi ziliteketea, zilitawanyika au ziliharibiwa. Wafaransa waliingia Oberndorf Aprili 1945. Zella-Mehlis, makao ya Walther, ilishikwa kwanza na Wamarekani, kisha ikakabidhiwa kwa Wasovieti. Elimu tuliyo nayo leo kwa sehemu kubwa imetoka kwa wakusanyaji wenyewe, watu waliojaza madaftari kwa kuandika kila namba na kila alama waliyoiona. Fred Datig alitoa kitabu chake cha Luger mwaka 1955. Charles Kenyon akafuata mwaka 1969. Jan Still akaandika mfululizo kuhusu bastola za Dola la Kaizari, za Weimar na za Wanazi, na Warren Buxton akaichambua P38. Ni kazi ya heshima, iliyofanywa na watu ambao wengi wao hawakuwa wanahistoria kwa taaluma. Lakini ina ubaya ambao hauna dawa: mghushi naye ananunua vitabu. Kila alama iliyochorwa vizuri katika ukurasa imekuwa mchoro wa kazi kwa mtu fulani mwenye patasi. Alama ikishaandikwa kitabuni, thamani yake kama ushahidi inaanza kushuka.

Kwa hiyo wachambuzi wazuri wamehamisha macho. Kabla ya kusoma alama yoyote, wanatazama ngozi ya chuma.

Weusi wa Luger za zamani si rangi ya kupaka. Chuma kilichong’arishwa kilipakwa dawa, kikaachwa kipate kutu nyembamba, kutu ile ikachemshwa mpaka ikawa nyeusi, ikasuguliwa, na kazi ikarudiwa. Matokeo yake ni weusi wenye kina, unaoonyesha bado mikwaruzo myembamba ya mng’arishaji wa kiwandani. Karibu na mwaka 1937 Mauser iliacha njia hiyo ndefu ikahamia kwenye birika la chumvi za moto, linalotoa weusi mwingine, unaong’aa zaidi. Wakati huohuo vipuri vidogo navyo vilibadilika. Zamani kifyatulio, wenzo wa usalama na kitufe cha magazini vilipashwa moto mpaka vikapata manjano ya majani makavu. Baada ya mabadiliko vikawa vyeusi kama mwili mzima. Luger ya Mauser ya 1939 yenye vipuri vya manjano inapendeza macho, na wanunuzi wengi huipenda, lakini kuna mtu ameipendezesha.

Kutia weusi upya ndiko kosa linaloonekana zaidi, na ajabu ni kwamba bado linawanasa watu. Ili weusi mpya ushike, lazima chuma king’arishwe kwanza, na king’arishio hakichagui. Kingo zilizokuwa kali zinalala. Tundu za pini, ambazo kiwandani zilikuwa na mdomo mkali, zinazama kidogo na kuwa kama kisahani. Herufi zinapoteza kina upande mmoja. Na weusi unaingia mahali usipopaswa kuwa, hasa kwenye sehemu zilizoachwa nyeupe kiwandani na ndani ya mashimo yaliyotokana na kutu ya zamani. Hili la mwisho ni la uhakika kabisa: shimo la kutu lenye weusi safi ndani yake ni ungamo. Kutu ilikuja kwanza, weusi ukafuata.

Kuna jambo moja dogo ambalo mimi ningelitafuta kabla ya yote. Alama kadhaa kwenye P08 ziligongwa baada ya chuma kutiwa weusi. Chapa inaposhuka, chuma kinasukumwa pembeni na midomo ya herufi inainuka kidogo mno, kiasi ambacho kidole hakihisi. Miaka themanini ya kushikwa na kufutwa mafuta huchubua midomo ile kwanza, na kuzunguka kila alama hubaki utepe mwembamba wa kijivu, unaoonekana kwa lenzi ya kukuza mara 10. Bastola iliyong’arishwa upya inaupoteza, kwa sababu midomo imesawazishwa. Na alama iliyogongwa mwaka jana juu ya weusi wa zamani ina midomo mikali mno, iliyochanika, isiyowahi kuguswa na ngozi ya ala wala na kitambaa. Umri wa mchubuko ni vigumu kuuiga, kwa kuwa haukutengenezwa na mtu aliyekusudia kuutengeneza.

Baada ya ngozi ndipo alama. Ofisi ya silaha ya jeshi iliweka wakaguzi katika kila kiwanda, na kila ofisi ya mkaguzi ilikuwa na tai wake mwenye namba: 359 kwa Walther, 655 na 135 kwa vipindi tofauti vya Mauser. Kiwanda cha FN cha Herstal, Ubelgiji, kilipotekwa mwaka 1940, bastola za Browning za Hi-Power zilizokutwa huko au kuunganishwa mwanzoni zilipata tai mwenye 613. Baadaye akaja 103, kisha 140, kila mmoja na eneo lake la namba za mfululizo. Mtu anayeongeza tai wa 613 kwenye bastola ya mwaka 1943 ili aipandishe bei anakuwa ameiambia bastola izaliwe mara mbili. Si lazima alama iwe na kasoro ili iwe ya uongo. Yatosha iwe imekaa na jirani asiye wake.

Hapo ndipo chapa iliyochakaa inapofanya kazi yake kubwa. Ukiwa na picha za bastola mia moja za kiwanda kimoja na mwaka mmoja, utaona ufa mdogo ukizaliwa kwenye bawa la tai, ukikua, kisha ukatoweka chapa ilipobadilishwa. Utaona tarakimu 4 iliyoota pembe. Bastola inayodai namba fulani lazima ionyeshe ufa uliofikia hatua ile. Chapa ya mghushi huonekana mpyampya kwenye kila mwaka, au, vibaya zaidi kwake, huonyesha kasoro ileile kwenye bastola zinazodaiwa kupishana miaka sita. Wapo wataalamu wanaokataa kuchapisha picha hizi zote hadharani, na ingawa usiri katika elimu huniudhi, hapa nawaelewa.

Sasa namba zinazolingana, ambazo ndizo ibada ya soko hili. P08 ina namba kamili kwenye fremu na kwenye mtutu, na tarakimu mbili za mwisho kwenye vipuri vidogo vingi. Magazini za jeshi nazo zilipewa namba ya bastola, na ile ya pili, ya akiba, ikawekewa alama ya kujumlisha. Bastola yenye kila kitu kinacholingana, pamoja na magazini zake mbili, huuzwa kwa bei inayowatia wazimu watu wazima. Kwa maoni yangu ibada hiyo imezaa uongo mwingi kuliko alama za kikosi chochote. Kipuri kisicholingana kinaweza kuwa ushahidi mwema: mafundi wa jeshi walibadilisha pini zilizovunjika, na bastola iliyopigana vita vyote viwili ina haki ya kuwa na viraka. Soko likaamua kiraka ni doa. Kwa hiyo watu wanafuta tarakimu mbili ndogo na kugonga nyingine, na historia ya kweli inafutwa ili kupata historia nzuri.

Upande wa pili wako wale ambao hawakuficha. Jeshi Jekundu liliteka bastola za Kijerumani kwa wingi, likazifungua ghalani, likazitia weusi kwa birika, likaziunganisha bila kujali kipuri cha nani kimekwenda wapi, na nyingi zikaandikwa namba mpya kwa kalamu ya umeme au kugongwa X. Ziliposafirishwa kwenda soko la Marekani miaka mingi baadaye, ziliuzwa kwa bei nafuu kwa jina lao halali. Ni nyaraka za Vita ya Mashariki kwa namna yake. Lakini ni hizohizo zinazokuwa malighafi: weusi unasuguliwa, X inajazwa, namba zinapatanishwa, na baada ya mikono mitatu mnunuzi anaambiwa askari mmoja aliitoa kwenye chumba cha ofisa mjini Munich.

Tatizo la kinyume linastahili nafasi zaidi ya linayopewa, nalo ni bastola za kweli zinazoonekana za uongo. Mwaka 1944 Mauser ilitoa P38 za byf ambazo baadhi ya sehemu zake ni nyeusi na nyingine za kijivu cha fosfeti, kwa sababu kiwanda kilikuwa kikibadilisha njia na sehemu kutoka ghala tofauti zikakutana. Anayetaka vitu vipendane kwa rangi ataziita viraka, na mtu fulani huko nyuma bila shaka amezitia weusi ili “kuzirekebisha”, akaharibu kitu ambacho leo kinasakwa. Wafaransa waliendelea kuunda P38 hapohapo Oberndorf baada ya kuuteka mji, kwa kutumia vipuri vilivyobaki, zikiwa na svw na nyota ndogo ya Kifaransa. Na huko Zella-Mehlis askari wa Kimarekani walijikusanyia vipuri kiwandani wakajiundia Walther zao, nyingine hazina namba, nyingine hazijang’arishwa. Je, hizo ni za kweli? Chuma ni cha Walther, mji ni wa Walther, mwaka ni ule. Mkaguzi wa jeshi la Ujerumani hakuziona kamwe. Neno “halisi” linaanza kuwa dogo hapa, na mchambuzi anayelazimishwa kujibu ndiyo au hapana afadhali anyamaze.

Mauser C96 ya 9 nyekundu ni somo zuri la mwisho kuhusu alama. Katika Vita Kuu ya Kwanza jeshi liliagiza bastola 150,000 za C96 zinazotumia risasi ya milimita 9, wakati C96 za kawaida zilitumia 7.63. Ili askari asichanganye risasi, tarakimu 9 ilichongwa kwenye mbao za mshiko na kutiwa nyekundu. Kuchonga 9 kwenye mbao ni kazi ya dakika chache. Lakini bastola za oda ile zina kipimo cha shabaha kinachoishia mita 500, wakati nyingine nyingi hufika 1,000, zina mihuri yao ya kupokelewa jeshini, na zina eneo lao la namba. Mnunuzi anayetazama 9 anatazama kitu pekee ambacho ni rahisi kukiongeza.

Kanuni hiyo inatisha zaidi tunapofika kwenye swastika na alama za SS. Ni mambo ya kusema wazi: kwenye soko hili ishara ya uovu huongeza bei. Bastola ya Walther PPK yenye herufi za RZM za chama cha Wanazi, au yenye mshiko wa viongozi wa chama wenye tai mkubwa, huthaminiwa mbali kuliko PPK ya polisi wa kawaida. Mishiko ya kunakili inauzwa hadharani. Fuvu la kichwa na herufi za SS hugongwa na yeyote mwenye seti ya chapa, na kwa kuwa vikosi vingi vya SS vilipokea bastola zilezile za kawaida bila alama ya ziada, alama ya namna hiyo inapaswa kuanzisha mashaka badala ya kuyamaliza. Wakati huohuo Luger za Simson wa Suhl, kiwanda cha familia ya Kiyahudi iliyonyang’anywa mali yake na Wanazi katika miaka ya 1930, huthaminiwa kwa uchache wake tu. Soko lina kumbukumbu ya aina fulani, na aina nyingine haina bei.

Chuma kikishindwa kusema, huitwa karatasi. Askari wa Kimarekani aliyetaka kurudi na bastola alipewa cheti kilichosainiwa na ofisa wake, na cheti chenye namba ya bastola husika ni ushahidi wa nguvu kweli. Nguvu hiyo ndiyo inayofanya vyeti vighushiwe. Mfano mkubwa haukuhusu bastola, lakini mhusika alitoka katika biashara hii hii: Konrad Kujau, aliyeghushi shajara za Hitler zilizochapishwa na gazeti la Stern Aprili 1983, kabla ya hapo alikuwa akiuza vitu vya kijeshi vya kipindi cha Wanazi na kuviandikia karatasi za uongo za kuthibitisha asili yake. Shajara ziliangushwa na karatasi yenyewe. Ilikuwa na kemikali ya kung’arisha weupe ambayo haikutumika mpaka baada ya vita, na chini ya mwanga wa urujuani ilijitangaza. Taa hiyohiyo ya bei ndogo ingali inaangusha vyeti vingi.

Maabara ina msaada wake, ingawa wanunuzi huifikiria kama hakimu. Namba iliyofutwa kwa tupa huacha chuma kilichobanwa chini yake, na asidi ifaayo huweza kuirudisha kwa muda, kama zinavyofanya maabara za uchunguzi wa jinai kwa bunduki zilizofutwa namba. Eksirei huonyesha mahali palipojazwa kwa kulehemu. Vipimo hivyo hueleza kilichotendeka kwa chuma. Nani alitenda, fundi wa jeshi mwaka 1942 au dalali mwaka 1992, havielezi.

Kuhusu wataalamu wanaotoa barua za kuthibitisha, sina mengi. Wengi ni waaminifu. Wengi pia wanauza bastola. Barua isiyotaja ni nini kilichotazamwa, kwa lenzi gani, na nini kiliachwa bila jibu, ni saini tu. Sheria nazo hubana mchezo kwa namna tofauti: Uingereza ilipiga marufuku bastola nyingi mikononi mwa raia mwaka 1997, ikaacha mlango mwembamba kwa zile za thamani ya kihistoria, Ujerumani hubana uonyeshaji wa swastika, kiasi kwamba madalali wa minada huko huifunika kwenye picha, na hivyo kuficha sehemu ambayo mnunuzi angepaswa kuichunguza. Huku kwetu Afrika Mashariki vibali ni vigumu, na wakusanyaji wa kweli ni wachache.

Hata hivyo pwani yetu inatajwa katika biashara hii, kwa sababu vita vya Wajerumani vilifika hapa. Manowari Königsberg iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ikajificha kwenye delta ya Rufiji, na ikazamishwa na mabaharia wake wenyewe Julai 1915. Mizinga yake ilitolewa ikapiganwa nayo nchi kavu, na mmoja unaonekana hadi leo Fort Jesus, Mombasa. Majeshi ya kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck yaliendelea kupigana mpaka yaliposalimu amri Abercorn, sasa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Hadithi nzuri kama hizo huvuta bastola. Luger ya jeshi la maji, yenye mtutu wa milimita 150, inakuwa “ya Rufiji” kwa sentensi moja ya muuzaji.

Tuipime hadithi hiyo kwa yale yaliyokwisha semwa. Bastola ya jeshi la maji ina kipimo cha shabaha chenye nafasi mbili, mita 100 na 200, na nyingi zina alama za ghala au kikosi nyuma ya mshiko. Herufi za Kiel au Wilhelmshaven zitathibitisha jeshi la maji, hazitathibitisha meli. Tarehe ya kutengenezwa baada ya Julai 1914 inaiua hadithi papo hapo, kwani manowari ilikuwa tayari imeondoka Ujerumani. Chuma kisicho na hata dalili ya jasho na unyevu wa delta kingehitaji maelezo. Kwa upande wa Abercorn mambo ni magumu zaidi: bunduki nyingi zilizokabidhiwa siku ile zilikuwa za Kireno na za Kiingereza, zilizotekwa njiani, kwa kuwa silaha na risasi za Kijerumani zilikuwa zimekwisha au kuachwa. Anayeuza bunduki ya Kijerumani iliyong’aa kwa jina la Abercorn ana kazi zaidi ya anayeuza ya Kireno iliyochakaa. Bila cheti cha wakati ule chenye namba, bastola ya “Rufiji” iandikwe kama ilivyo: Luger ya jeshi la maji, kiwanda cha DWM, mwaka wake, hali yake, alama zilizopo na zisizopo. Ilipiwe bei ya hiyo.